Dragsta ya 1963 kwa kipimo cha 1/25: kipi kibaki, kipi kitupwe

SWALI: Msomaji wa Tanga amepata seti ya plastiki ya kuunda modeli ya dragsta (gari la mbio fupi za kwenda moja kwa moja) yenye injini mbele ya dereva, kipimo cha 1/25, toleo jipya lililotoka kwenye kalibu ya miaka ya sitini. Anataka gari la mwaka 1963 au karibu na hapo, lenye injini ya Chrysler, ambalo mjuzi akilitazama atakosa la kukosoa. Ndani ya boksi amekuta ekzosi za aina mbili, tairi za nyuma za aina mbili, kromu kila mahali na karatasi ya dekali (vibandiko vya kulowesha kwa maji) iliyogeuka njano. Maelekezo hayasemi kipi kinakwenda na kipi. Aanzie wapi, na atupe nini?

JIBU: Ndugu msomaji, maelekezo hayasemi kwa sababu seti hizi hazikulengwa mwaka mmoja. AMT, kiwanda cha Marekani cha seti za modeli, walijijengea jina kwa boksi moja lenye njia tatu za kuunda gari lilelile, na wenzao nao hawakuwa wachoyo wa vipande vya ziada. Kalibu ikizeeka, kiwanda huongeza ekzosi mpya au tairi mpya ili boksi livutie, lakini fremu hubaki ya zamani. Ukifuata namba za maelekezo tangu moja hadi mwisho, utapata gari ambalo halijawahi kuwepo siku yoyote duniani: fremu ya 1962, mabomba ya 1967 na matangazo ya 1970.

Kwa hiyo kabla hujafungua gundi, chagua gari moja na siku moja. Mwaka mzima ni mpana mno. Magari haya yalikuwa yakikatwa na kuunganishwa upya kati ya mashindano na mashindano. Mwaka 1963 Don Garlits, dereva maarufu wa dragsta wa Marekani, alionekana na bawa dogo lililosimama juu ya injini, kitu ambacho magari yake ya kabla ya hapo hayakuwa nacho. Ukilichora gari lake bila kujua picha ni ya mwezi gani, umekosea kabla ya kuanza. Tafuta picha angalau tatu za siku hiyo: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, na injini kwa karibu. Pande mbili hazifanani, na sehemu kubwa ya makosa hutokea pale mtu anapodhani ubavu asiouona ni kivuli cha ule aliouona.

Tahadhari na picha za magari yaliyokarabatiwa, kama yale ya jumba la makumbusho la Garlits kule Ocala, Florida. Yanafaa sana kwa vipimo na kwa kuona bolti iko wapi. Kwa rangi na mng'aro yanapotosha, maana fundi wa leo hupiga msasa na klia (vanishi angavu ya juu ya rangi) ambayo mwenye gari wa 1963 hakuwa na muda nayo. Picha nyeusi na nyeupe ya enzi ile ndiyo iwe hakimu.

Sasa pima fremu yako. Kipimo cha 1/25 kina baraka moja: inchi moja ya gari halisi inakuwa milimita 1.016 kwenye modeli, yaani milimita moja kwa matumizi yote ya kawaida. Huhitaji kikokotoo. Pima kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Ukipata kati ya milimita 100 na 130 hivi, fremu ni ya mwanzo wa miaka ya sitini na mpango wako unakwenda. Dragsta ziliendelea kurefuka mwaka hadi mwaka, na kufikia 1970 nyingi zilikuwa zimepita inchi 200. Ukipata milimita 160 au zaidi, usiing'ang'anie 1963; ni nafuu kubadili tarehe kuliko kukata fremu.

Fremu fupi inaamua ekzosi bila mjadala. Mabomba yanayopinda kwenda juu na nyuma, yanayopuliza moshi juu ya tairi za nyuma, yalienea katikati ya miaka ya sitini. Gari la 1963 linataka yale mafupi yanayoelekea chini na nje. Weka yale ya juu kwenye kopo la akiba. Haya ya chini yatoboe midomo: bomba la inchi 2 linakuwa na milimita 2 kwa nje, kwa hiyo toboa kwa keekee ya milimita 1.5 ya kuzungusha kwa vidole, uingie milimita 3 tu. Anza kwa kuchoma alama katikati kwa ncha ya sindano, la sivyo keekee itateleza na kupasua ukuta wa bomba. Mdomo uliozibwa ndio unaoipa modeli sura ya mdoli kuliko kosa la rangi.

Injini ndiyo moyo wa kazi hii, na hapo ndipo ninapokuomba utumie nusu ya muda wako. Hemi ya Chrysler (injini yenye vyumba vya kuchomea vya umbo la nusu tufe) iliyotawala mwaka 1963 ni ile ya inchi za ujazo 392, iliyotengenezwa kwa magari ya 1957 na 1958. Ile ya 426 ilikuja 1964. Seti nyingi huchanganya hizi mbili, na njia ya haraka ya kuzitenganisha ni mahali pa distributa: kwenye 392 kituo chake cha kiwandani kiko nyuma ya bloku, kwenye 426 kiko mbele. Zote mbili zina plagi nne zinazochomoza katikati ya kila tapeti kava, kwa hiyo hizo zisikupoteze. Kama seti yako imekupa 426 na wewe unataka 1963, tafuta injini ya 392 kutoka seti nyingine. Wauzaji wa vipande vya rezini na wa vipande vilivyochapwa kwa printa ya pande tatu wanazo nyingi.

Halafu ondoa visivyohitajika. Dragsta ya nitro (nitromethane, mafuta makali ya mbio) ya enzi hizo haikuwa na rejeta. Mbio ni robo maili, mita 402, na maji yaliyomo ndani ya bloku yalitosha. Haikuwa na stata wala betri wala jenereta, kwa sababu iliwashwa kwa kusukumwa na gari lingine kutoka nyuma, na cheche zilitoka kwenye magneto, kifaa kinachojizalishia umeme wake. Nyingi hazikuwa na giaboksi: nyuma ya injini kuna nyumba ya klachi, kisha kiunganishi kifupi, kisha difu. Mbele hakuna breki. Ukikuta kwenye boksi feni, mkanda wa feni au koili ya moto, ni mabaki ya toleo la gari la barabarani. Kwa upande mwingine, seti nyingi husahau chuma cha kusukumia nyuma ya gari. Kitengeneze kwa fimbo ya plastiki ya milimita 1 ukifuata picha, kwani bila hicho gari lako haliwezi kuwaka.

Blowa (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) ya GMC 6-71 ilitoka kwenye injini za dizeli za Detroit zenye silinda sita za inchi za ujazo 71 kila moja, ndiyo maana ya jina. Nyumba yake ina urefu wa karibu inchi 15, kwa hiyo kwenye modeli iwe kama milimita 15. Ukipima ukapata 18, itaonekana imekaa juu ya injini kama mzigo juu ya baiskeli. Juu yake, kwa mwaka huo, tafuta injekta (kifaa cha kuingizia hewa na mafuta) ya kampuni ya Hilborn yenye matundu manne ya duara. Ile bakuli kubwa ya kampuni ya Enderle yenye mdomo mpana ni ya baadaye, na ni kosa ninaloliona mara kwa mara kuliko mengine kwenye modeli za gari la mwanzo wa miaka ya sitini. Toboa matundu yale manne, kisha weka ndani kipande cha plastiki ya milimita 0.25 kilichopakwa rangi ya shaba kama vali za kipepeo, zikiwa zimefungwa. Mkanda wa kuendeshea blowa ni mpira mweusi usiong'aa, wenye meno upande wa ndani. Kwenye seti huja umepakwa kromu kwa sababu tu umo kwenye mti mmoja (fremu ya plastiki inayoshikilia vipande) na puli. Upake mweusi, kisha kwaruza kingo za puli kwa ncha ya wembe zibaki na mng'aro.

Kufunga waya za plagi si kazi ngumu, ila wengi hutumia waya mnene. Waya halisi wa milimita 7 ukigawanya kwa 25 unapata 0.28. Waya zinazouzwa dukani kwa modeli mara nyingi ni 0.4 au 0.5, sawa na bomba la maji la kidole gumba. Nenda kwa fundi wa kuwainda mota umwombe mabaki ya waya wa shaba wa milimita 0.25 au 0.3, atakupa bure, na mita mbili zinatosha injini kadhaa. Upake mweusi kabla ya kuukata, vinginevyo rangi itapasuka kwenye kona. Toboa kofia ya magneto matundu manane kwa keekee ya 0.3, na tundu moja kila kichwa cha plagi.

Silinda za Chrysler zinahesabiwa hivi: upande wa kushoto wa dereva ni 1, 3, 5, 7 kutoka mbele kwenda nyuma, kulia ni 2, 4, 6, 8. Mfuatano wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Zunguka kofia kwa mfuatano huo: moja kushoto, mbili kulia, moja kushoto, moja kulia, mbili kushoto, moja kulia. Maana yake waya lazima zipishane. Modeli yenye waya nne zinazotoka nusu moja ya kofia na nne nusu ya pili inapendeza, lakini ni uongo, na anayejua Hemi ataiona akiwa bado mlangoni.

Mabomba ya mafuta ni mengine. Tangi liko mbele ya injini. Kutoka hapo bomba nene la inchi nusu, yaani milimita 0.5, linakwenda kwenye pampu iliyo mbele ya injini. Kutoka pampu mafuta yanapanda kwenye vali ya kugawa, na kutoka hapo bomba nyembamba mno zinakwenda kwenye nozeli. Kwa hizi tumia shaba ya milimita 0.2. Bomba moja la kurudisha mafuta kwenye tangi husahaulika karibu kila mara. Usifunike kila hosi kwa waya uliosukwa unaong'aa, fuata picha.

Kuhusu kromu. Vitu vichache kwenye gari halisi vilikuwa kweli na kromu: ekseli ya mbele, fimbo zake, mara nyingine tapeti kava. Blowa, injekta na nyumba ya klachi vilikuwa alumini au magneziamu. Kwa vile vilivyokuwa alumini iliyosuguliwa, si lazima uchubue kitu: puliza klia isiyong'aa sana juu ya kromu, tabaka moja jembamba, na mng'aro utashuka hadi wa alumini. Vinavyotakiwa kuwa vya kijivu vichubue. Vilaze kwenye jiki ndani ya kopo la plastiki. Kromu itayeyuka ndani ya dakika chache hadi saa moja. Chini yake utakuta klia ya njano iliyobebea kromu, na hiyo jiki haiigusi. Iloweshe usiku kucha kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, kisha sugua kwa mswaki. Ukiiacha, rangi itakaa kama iliyopakwa juu ya mafuta na kona zote zitakuwa duara. Jiki usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, maana itatoa gesi ya sumu. Na kipande chochote utakachoacha na kromu, kwaruza sehemu ya kugundishia hadi uone plastiki. Gundi ya plastiki haishiki kromu.

Kwa rangi ya magneziamu, changanya sehemu nne za fedha, moja ya kijivu, na tone la kahawia. Magneziamu iliyokaa hufifia na kuwa na rangi ya majivu, na rimu za nyuma za kampuni ya Halibrand ndiko inakoonekana zaidi.

Fremu ya seti za zamani huja na mistari ya kalibu pande zote za bomba na utando wa plastiki iliyovuja. Msasa peke yake utafanya bomba liwe bapa. Tumia mgongo wa wembe, uukokote ukizungusha mkono, kisha malizia kwa msasa wa namba 600. Reli kuu za gari halisi zilikuwa bomba la inchi moja na nusu hivi. Zako zikizidi milimita 2, zibadilishe kwa fimbo za plastiki za milimita 1.5, na mabano madogo kwa za milimita 1. Unganisha juu ya kipande cha kioo kilichobandikwa mchoro wa fremu kwa juu, kila reli imebanwa na vipande vya mbao pande zote mbili. Tumia gundi ya majimaji ya plastiki, kidogo, na uache saa 24 bila kuigusa. Supa gluu inashika upesi ila haisamehi, na kiungo chake huvunjika ukikunja fremu kidogo wakati wa kuweka injini. Usiiache fremu ndani ya gari juani hata kwa saa moja. Fimbo za urefu huu hujikunja kwa uzito wake zenyewe.

Difu inafungwa moja kwa moja kwenye fremu, bila springi. Usiongeze springi za nyuma hata kama boksi limekupa. Kabla ya kugundisha ekzosi, jaribu injini ndani ya fremu mara tatu: ekzosi zikishashikamana na injini, kwenye fremu nyingi injini haiingii tena.

Tairi za seti ni vinili, na vinili ina mafuta yanayotoka polepole na kula polistireni. Baada ya miaka miwili rimu inakuwa kama nta iliyoyeyuka. Kinga rimu kwa ukanda wa karatasi ya alumini ya jikoni mahali inapogusana na tairi. Kati ya tairi mbili za nyuma ulizopewa, chukua nyembamba: upana wa kukanyagia wa karibu milimita 10, kimo karibu 30. Zile pana zenye mikunjo ubavuni na maandishi makubwa meupe ni za baadaye. Sugua uso wa kukanyagia kwa msasa wa namba 220 hadi mstari wa kalibu upotee na weusi ugeuke kijivu cha vumbi. Mbavu zibaki nyeusi.

Rangi ya bodi. Kama gari lako lilikuwa na rangi ya pipi ile ya kupenya mwanga, msingi uwe fedha au dhahabu laini kabisa, kwani chembe ya milimita 0.1 kwenye modeli ni sawa na milimita 2.5 kwenye gari. Juu yake pitisha rangi inayopenya mwanga mara nne au tano, nyembamba, ukihesabu mapito sawa kwa kila kipande. Pua ikipata mapito manne na bodi ikapata matano, zitakuwa rangi mbili. Thina ya magari hupasua plastiki tupu, kwa hiyo praima kwanza. Nawe uko pwani: asubuhi na jioni hewa imejaa unyevu, thina ikiruka inapoza uso, na maji yanaganda juu ya rangi kama ukungu mweupe. Puliza kati ya saa tano na saa tisa mchana, kopo liwe limekaa kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, na kama ukungu umeshatokea, pitisha thina tupu ya kukauka polepole kwa umbali.

Dekali za njano zifungie ndani ya mfuko angavu wa plastiki na uzibandike kwenye kioo cha dirisha upande wa jua, wiki moja au mbili. Unjano hupungua sana. Kisha puliza klia juu ya karatasi nzima kabla ya kukata, kwa sababu za zamani hupasuka vipande vipande zikigusa maji. Bodi iwe na mng'aro pale zinapokaa, la sivyo hewa itabaki chini na utaona fedha pembeni mwa herufi. Siki nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu itailainisha dekali ikalale kwenye kona. Ijaribu kwanza kwa dekali usiyoihitaji.

Lakini nyingi za karatasi hiyo utazitupa. Mwaka 1963 bodi ilikuwa na majina ya wenye gari yaliyoandikwa kwa brashi, mara nyingi kwa dhahabu ya kupaka, na matangazo machache madogo. Kampuni ya Mattel walipowalipa madereva Don Prudhomme na Tom McEwen kutangaza Hot Wheels, vigari vyao vya kuchezea, ilikuwa 1970. Chochote chenye sura hiyo kiondoe. Angalia pia herufi za daraja. AA/FD ni dragsta ya blowa inayotumia mafuta ya nitro, AA/D ni ya petroli. NHRA, chama cha mbio za dragsta cha Marekani, walipiga marufuku nitro mwaka 1957, nayo ikarudi Februari 1963 kwenye mashindano ya Winternationals kule Pomona, California, ambako Garlits alishinda. Kwa hiyo gari lenye AA/FD likiambatana na kibandiko cha mashindano ya NHRA ya 1961 linajipinga lenyewe. La namna hiyo lingekuwa kwenye mashindano ya Bakersfield, California, ambako nitro haikukatazwa na ambako Prudhomme alishinda 1962.

Mwisho mfuko wa parachuti nyuma ya kiti: seti hutoa donge gumu la plastiki. Likate, kunja karatasi laini ya chooni mara tatu, ilowe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, iache ikauke ikiwa imefungwa kwa uzi, kisha ipake rangi ya turubai. Kamba yake inafungwa kwenye fremu, chini ya kiti, kamwe si kwenye bodi.